Vifuniko Vinne na Mistari Saba

Jumamosi saa mbili asubuhi Mzee Mistari alitandaza gazeti kuukuu juu ya nusu ya meza ya jikoni, akapanga juu yake vifuniko vinne vya katikati ya rimu za gari lake. Nusu ya pili ya meza ilikuwa ya mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sandwichi. Mpaka kati ya nusu hizo ulikuwa kisu cha mkate kilicholazwa. Mpaka huo uliheshimiwa kwa miaka thelathini na moja, isipokuwa siku moja tu, msumari ulipopatikana ndani ya sandwichi ya mwalimu mmoja. Mwalimu mwenyewe alisema haukuwa mbaya, ila ulihitaji chumvi.

Vifuniko vilikuwa vidogo, kila kimoja kama kisahani cha kikombe cha chai, na rangi yake ya fedha ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mtu aliyelala juani. Mzee alikuwa amevibandua kwa bisibisi iliyovishwa kitambaa ili rimu zisikwaruzike. Aliviosha kwa sabuni, akavisugua kwa msasa laini ndani ya beseni la maji, akavifuta kwa spiriti, akavisimamisha kila kimoja juu ya kikopo kitupu ili kisigande kwenye gazeti.

"Wenye haraka hupaka juu ya uchafu," alisema, "halafu wanalaumu rangi."

"Na wastaafu hupaka hata ambacho hakikuomba," alijibu Mama Sandwichi. Alikuwa akipanga yai la kuchemsha, vipande vya tango na jibini juu ya mkate, akijaribu mchanganyiko wa Jumatatu. "Onja hii."

Mzee aliitazama sandwichi kabla ya kuionja. "Imekatwa upande."

"Basi itafune upande."

"Tango limezidi. Linalowesha mkate."

"Mkate mkavu unakwama kooni, mzee. Wateja wangu ni watu wa ofisini, hawana mate ya kupoteza."

Sandwichi zote zilikatwa upande, na sababu yake ilijulikana. Mwaka juzi Mama Sandwichi alikuwa akivuka barabara kuu kwenda kwenye kibanda chake, pikapu ikampitia karibu mno na kumvunja kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini uliunga unavyotaka wenyewe. Tangu hapo mkono haukuweza kuushika mkate sawasawa.

Kibanda kilikuwa ng'ambo ya barabara hiyo, mkabala na lango la Ofisi ya Barabara. Kwa miaka kumi na mitatu aliwalisha wafanyakazi wa ofisi hiyo na kuwaandikia barua, akiomba wampakie mistari ya kivuko cha waenda kwa miguu. Kwa miaka kumi na mitatu walijibu kwamba suala lake linashughulikiwa, wakaongeza kwamba yai lisiive sana. Kumpeleka kwa gari mpaka kibandani hakukuwezekana. Mahali pa kugeuzia palikuwa umbali wa kilomita nne, na gari lao lilichemka baada ya kilomita mbili.

Jambo la kuchekesha, au la kutochekesha, ni kwamba Mzee Mistari ndiye aliyekuwa mchora mistari wa Ofisi ya Barabara kwa miaka thelathini na minne, mpaka alipostaafu. Hakuna barabara mjini ambayo hakuipigia magoti.

"Mji mzima umeupaka, yangu ndiyo ikakushinda?" mkewe alizoea kumwuliza.

"Rangi imeisha stoo," mzee alizoea kujibu, na kila alipojibu alikuwa na kitu cha kutazama dirishani.

Kopo la rangi ya fedha, alipolifungua, lilikuwa limekauka likawa jiwe. Mzee hakusononeka. Alikwenda bandani akarudi na kopo lenye robo ya rangi nyeupe ya barabarani, aliyoondoka nayo siku ya kuagwa kazini.

"Nyeupe?" aliuliza Mama Sandwichi. "Gari litaonekana limevaa soksi za shule."

"Soksi safi ni heshima."

Rangi ya barabarani ni nzito, haina adabu ya nyumbani. Aliizimua kwa tina, akapaka tabaka la kwanza jembamba, akangoja. Walikula sandwichi ya yai. Akapaka la pili, akangoja. Walikula ya jibini, wakabishana kama maganda ya pembeni ya mkate yakatwe au yaachwe. Mama Sandwichi alishikilia kwamba ganda ndilo linalompa mtu pa kushikia. Akapaka la tatu. Kufikia jioni vifuniko vilikuwa vimekauka, na mzee akavibana mahali pake kwa ngumi nne za kiasi, moja kwa kila gurudumu. Gari likaonekana limevaa soksi za shule.

Jumatatu saa moja asubuhi alimpakia mkewe na vikapu vyake viwili, wakaenda mita mia tatu mpaka ukingo wa barabara kuu, akasimamisha gari. Magurudumu yalisimama. Vifuniko havikusimama. Viliendelea kuzunguka polepole, vyote vinne, kama mtu anayekoroga uji asiotaka ushike.

Ndipo mistari ikaja. Ilikuwa saba, myeupe, mipana kama mlango, na kila mmoja ulikuwa na urefu wa mita tatu. Ilitokea upande wa mjini, ikiteleza chali juu ya lami, mmoja nyuma ya mwingine, ikifuata upande wake wa barabara. Kwenye taa nyekundu ilisimama, na taa ilipowaka kijani ikaendelea. Ilipofika mbele ya gari la mzee ikajipanga kutoka ukingo huu mpaka ng'ambo, kibandani, ikaacha nafasi sawa kati ya mmoja na mwingine. Lori lililokuwa likija kasi likafunga breki. Dereva wake akatazama saa, akangoja.

"Kumbe rangi imepatikana stoo," alisema Mama Sandwichi.

Akachukua vikapu vyake akavuka. Alivuka kwa kutembea, jambo ambalo hakulifanya pale kwa miaka kumi na mitatu. Katikati ya barabara alisimama kidogo kurekebisha kitambaa cha kichwa, kwa sababu aliweza.

Mzee alibaki nyuma ya usukani akiitazama mistari, na moyo wake haukuwa mweupe kama mistari hiyo. Alikuwa ameitambua. Wa tatu ulikuwa umepinda ncha kama mkia wa mbwa aliyefurahi. Katika miaka thelathini na minne mzee alipindisha mstari mmoja tu, siku aliyoumwa na nyuki sikioni, na siku hiyo alikuwa amepiga magoti mbele ya geti la Mkurugenzi wa Ofisi ya Barabara.

Jioni mkewe aliweka vikapu vitupu mezani, akakaa.

"Wa tatu umepinda," alisema.

"Nimeuona."

"Mstari wako haupindi, mzee, hata ukiwa na homa. Nini kilitokea?"

"Nyuki."

"Wapi?"

Mzee alitazama dirishani, lakini kulikuwa kumeshaanza kuwa giza na hakukuwa na cha kutazama. Akasema. Karatasi ya kazi ilitoka ikiwa na mhuri, imeandikwa kivuko kipakwe mkabala na lango la ofisi, mbele ya kibanda cha sandwichi. Mkurugenzi akapiga mstari wa kalamu juu ya maneno hayo, akaandika: getini kwangu. Mtaa wa Mkurugenzi haupiti mtu, na ng'ambo ya geti lake kuna ukuta usio na mlango. Lakini Mkurugenzi alipenda wageni wapunguze mwendo, wapate nafasi ya kuitazama nyumba.

"Nawe ukapaka."

"Nikapaka."

"Lini?"

"Miezi miwili kabla ya pikapu."

Mama Sandwichi alivuta mkate, akajaribu kuukata, ukaenda upande. Akauacha.

"Miaka miwili unaniambia rangi imeisha."

"Iliisha, mke wangu. Iliishia kule."

"Usinichezee, baba. Ungeniambia siku ile ile ningekwenda kwake na kisu hiki hiki cha mkate."

"Ndiyo maana sikukwambia."

"Hapana. Hukuniambia kwa sababu uliona haya." Alimsukumia kisu upande wake wa meza, na ndivyo mpaka wa miaka thelathini na moja ulivyoondoka. "Kesho saa kumi na moja alfajiri utaamka unikatie mkate. Na kesho kutwa. Na siku zote ambazo mkono huu utakuwa mkono wangu. Na uukate wima."

"Sawa, mama."

"Na usiniambie habari za tango."

Mzee aliamka saa kumi na moja kamili. Alikata mkate wima kama alivyopaka barabara, akifumba jicho moja. Wateja walilalamika wiki ya kwanza. Walikuwa wamezoea sandwichi yenye nusu kubwa na nusu ndogo, wakaipenda kwa sababu iliwapa cha kugombania. Baadaye wakazoea.

Kule kwa Mkurugenzi, mlinzi wa geti aliripoti kwamba mistari iliondoka saa moja kasoro, yote saba, wala haikuaga. Ofisi ya Barabara ilijaza fomu ya mali iliyopotea. Haikuwa kazi ngumu kuipata, kwa sababu ilikuwa imelala chini ya madirisha ya ofisi yenyewe. Saa nne wakaja wafanyakazi wanne na gari la wazi, wakaibandua mstari mmoja mmoja, wakaikunja kama mikeka, wakairudisha getini na kuilaza kwa nyundo za mpira. Kesho yake vifuniko vya mzee vikazunguka, ikaja tena.

Baada ya wiki mbili wakafanya kikao. Mhandisi alisema pengine ingekuwa rahisi kuiacha. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, akafungua ramani. Ramani ilisema getini.

"Basi tupake mingine saba mbele ya kibanda," alisema Mhandisi, "na ile yako ibaki."

"Tukipaka mingine pale," Mkurugenzi alisema, "tutakuwa tumekubali kwamba pale palihitaji."

Kikao kikafungwa. Ikaagizwa zamu: kila siku ya kazi, saa nne, wafanyakazi wanne kurudisha mistari.

Msimamizi wa zamu alikuwa kijana wa zamani wa mzee, aliyefundishwa naye kushika brashi. Siku ya kwanza alimkuta mzee kaegemea gari, akamwamkia kwa haya.

"Shikamoo, mzee. Ni kazi tu."

"Marahaba. Hata mimi ilikuwa kazi tu." Mzee akamwonyesha kwa kidole. "Ule wa tatu usiukunjie kwenye mpindo. Utapasuka."

"Nimekusikia."

"Mmeshakula?"

Hawakuwa wamekula. Wakavuka wote wanne kwa mistari hiyo hiyo, wakitembea kwa raha, magari yakiwasubiri kushoto na kulia. Wakanunua sandwichi za yai, wakakaa kwenye ukingo wa barabara kula. Mama Sandwichi aliwaambia wasiharakishe, chakula cha kukimbizwa hugeuka kiungulia. Walipomaliza wakajifuta mikono, wakakunja mistari, wakaondoka nayo. Ikawa ndiyo desturi. Kadiri wiki zilivyopita walizidi kutafuna polepole, na siku moja walitafuna mpaka saa tano na robo. Mhandisi akiwa dirishani alitazama saa yake, kisha akavuta pazia.

Mzee alikuwa mtu mwenye furaha miezi hiyo. Jumamosi alivisugua vifuniko kwa kitambaa laini, mkewe akimsimulia wateja: nani kaomba jibini mara mbili, nani kapandishwa cheo akaanza kukata maganda. Mkewe alikuwa amemsamehe, au alikuwa akimsamehe kila siku mpaka saa kumi alasiri, hapo alipofunga kibanda.

Maana saa kumi mistari ilikuwa imesharudi getini, na vifuniko, kwa sababu ambayo mzee hakuitafuta, vilizunguka asubuhi tu. Mama Sandwichi alisimama ng'ambo na vikapu vitupu, mumewe akasimama upande huu. Mkewe alitazama kushoto, akatazama kulia, akashika sketi kwa mkono mmoja uliokuwa mzima. Hakuna aliyepunguza mwendo.

Siku moja, kama siku nyingi, gari la mwisho alilolisubiri lipite lilikuwa jeusi, refu, la Mkurugenzi, likitoka langoni. Yeye kwenye kiti cha nyuma alimtambua, akampungia mkono kwa adabu, kwani sandwichi zake alizipenda. Mama Sandwichi naye akampungia. Gari likapita kwa kasi mpaka sketi ikapepea.

Kisha akakimbia, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, viatu vikipiga lami. Alifika akihema, akamkabidhi mumewe vikapu, akaegemea bega lake mpaka pumzi iliporudi.

"Zimeisha zote," alisema, akicheka.

Dakika kumi baadaye, katika mtaa usiopita mtu, gari jeusi lilikaribia mistari saba. Dereva akasimama kabisa, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akangoja kidogo, kama sheria inavyotaka, ndipo akaingia getini.