Vifungo vya Shati

Seremala alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki ukining'inia tu begani. Daktari akaandika, ofisi ya ustawi ikaamini, na posho ya ulemavu ikaanza kuingia. Hakuipenda, ila ilinunua unga na dawa za presha.

Kisha sheria ikabadilishwa. Cheti cha daktari hakikutosha tena. Kila mtu alitakiwa kupimwa upya, kwa alama. Asubuhi ya kupimwa mke wake alimwogesha, akampigia pasi shati jeupe, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Hakutaka mumewe aende mbele za watu kama mtu asiye na kwao.

Mtathmini alikuwa kijana mpole, kompyuta mapajani. Aliuliza habari za miguu, macho na choo. Mwisho akalitazama shati.

"Umependeza, mzee."

"Asante."

Akaandika.

Majibu yakaja: mwombaji anavaa na kufunga vifungo bila msaada. Posho imesitishwa.

"Mimi ndiye niliyekuponza," mke alisema.

"Wewe ulinipendezesha tu. Aliyesema asante ni mimi."

Wakakata rufaa. Karani wa rufaa, mama mmoja mwenye kikohozi, aliwaeleza kwamba foleni ni ndefu kwa sababu sheria mpya imeleta rufaa nyingi, na watumishi wa rufaa wamepunguzwa na sheria hiyohiyo. Alisema bila kucheka, nao hawakucheka. Wakasubiri. Mke akaanza kufua nguo za watu. Seremala akauza meza yake ya kazi, halafu randa, mwisho misumeno. Mnunuzi alimwomba amsaidie kubeba. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Karani akahamishwa; aliyemrithi hakuliona faili, kisha akaliona.

Siku ya kusikilizwa, seremala alisema atavaa mwenyewe. Mke aliketi sebuleni, mikono yake ameikalia isije ikamsaidia. Mume alitoka shati wazi, tumbo nje.

"Mzee," mwenyekiti wa baraza la rufaa alimwambia, "hapa ni mahali pa heshima. Funga shati."

"Sawa, mheshimiwa."

Akaanza kwa mkono wa kushoto. Kifungo kikamponyoka. Akakifuata, kikamponyoka tena. Wajumbe walimtazama, kisha wakatazama dari, kisha meza. Chai yao ikaletwa, ikapoa. Jasho lilimtiririka seremala mpaka kidevuni. Mke akanyanyuka.

"Kaa, mama watoto," alisema bila kugeuka.

Kifungo kilipoingia, kiliingia kwenye tundu lisilo lake.

"Basi, mzee," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha."

Wakashinda. Posho ingerudi, pamoja na malimbikizo yote. Dirishani, karani mpya akawafafanulia kwamba uamuzi ni wa miaka miwili, na unahesabiwa tangu siku waliyokata rufaa.

"Kwa hiyo umebaki muda gani?" mke aliuliza.

"Mdogo. Mwezi ujao mzee anapimwa upya."

Seremala alifikiri kidogo. "Basi na rufaa tuandikie kabisa," alisema. "Tusije tukakosa nafasi."

Karani alimwambia hilo haliwezekani kabla ya kukataliwa.

Nje, mke alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, wapita njia wakageuka. Seremala hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu augue. Akasimama kando yake, akamsubiri amalize.