Saa Nane na Dakika Ishirini

Ukurasa wa mia na nne niliusoma nimesimama stesheni ya Wembley Park, London, na kwa hasira nikaacha treni mbili zinipite.

Kitabu kilikuwa cha Mahendra, mwalimu mstaafu wa historia, Mhindi wa Mombasa anayekaa Neasden. Alikiandika juu ya shambulio la Wajerumani kule Kursk, Julai 1943. Ndani yake alikuwamo Stepan, mpiga mizinga wa Kisovieti, baba yake Klavdia, yule mama aliyenifundisha Kirusi nilipokuwa mwanafunzi Voronezh. Stepan alikufa siku ile ile shambulio lilipoanza, na kijijini kwao walinong'ona kwamba kikosi chake kilikutwa kimelala. Klavdia alinipa daftari la vitani la baba yake kwa sharti moja, atajwe kwa haki. Mahendra hajui Kirusi, mimi ndiye niliyemtafsiria.

Sasa kaandika kwamba Wajerumani walianza alfajiri, na Stepan akafyatua karibu saa tatu baadaye. Pengine alilala, kasema. Pengine! Mizinga ya Wasovieti iliwawahi Wajerumani usiku, kabla hawajanyanyua mguu, na wa Stepan ulikuwamo. Niliyasoma kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nilifika Neasden sikuvua hata koti. Nikamwambia Mahendra kuwa hana haya, kamsingizia maiti asiyeweza kujitetea. Alifungua faili akaniletea karatasi yangu ya tafsiri.

"Eight twenty," akasema. "Hii typing ni yako, Muhsin."

Nikaitazama. Nilipokuwa nikilisoma daftari nilijiandikia kwa Kiswahili, kama ninavyojiandikia kila kitu: saa 8 na dakika 20 usiku. Saa nyingine zote nilizigeuza nilipopiga taipu kwa Kiingereza. Hiyo moja ikanipita, nikapiga "eight twenty" badala ya "two twenty", na "usiku" nikaisahau. Hasira haikuniisha, ilikosa pa kwenda tu, ikanigeukia mwenyewe.

"Na wewe, Mwalimu," nikamwambia, "mtu wa kuzaliwa Makadara ya Mombasa. Saa nane hukuitambua?"

"Nilikuamini."

Bora angenitukana. Nikamtaka atoe maboksi yote ya nakala zilizochapwa, tusahihishe kwa kalamu, kitabu kimoja kimoja, na ile "pengine" tuikate. Akakubali. Mkewe, Damyanti, akatuletea chai, ikapoa bila kuguswa. Tulipofika kitabu cha kumi nikamwuliza iko wapi nakala ya Klavdia, maana hiyo nilitaka kuisahihisha kwa mkono wangu.

"Nilim-post-ia Monday iliyopita, kama ulivyoniomba," akasema. "Imeshafika. Mjukuu wake anamsomea."

Nikaweka kalamu chini, nikamwomba simu. Nikabonyeza namba za Voronezh huku nikitafuta, kwa Kirusi kile kile alichonifundisha yeye, namna ya kumwambia kwamba aliyemlaza baba yake ni mimi.