Mama wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Kwa miaka sita Mwalimu Winfrida alikuwa akiandika daftari moja. Alifundisha Kiingereza kidato cha tano mjini Nachingwea, na kila mwaka aliwaona wanafunzi wakikariri istilahi za isimu bila kuzielewa: fonimu, mofimu, kiima, kiarifu. Basi kila istilahi akaieleza kwa Kiswahili chepesi na kuipa mfano wa hapo hapo kwao, wa korosho, wa mbaazi, wa mnadani.

Aliyelisoma daftari hilo ni mtu mmoja tu, Eliudi, mwalimu mwenzake wa somo. Alipohamishiwa Ruangwa aliliazima.

"Natoa kopi tu, dada Winfrida. Wiki mbili utalipata."

Lilirudi baada ya miezi mitatu. Winfrida hakuwa na neno. Eliudi ndiye aliyeshika jembe siku mama yake Winfrida alipozikwa kijijini Mnero.

Juni hii walimu wa Kiingereza wa wilaya zote mbili waliitwa semina Ruangwa. Mlangoni kila mmoja alipewa kitabu cha jalada la bluu: *Istilahi Muhimu za Kiingereza na Isimu*. Mwandishi, Eliudi. Winfrida alifurahi kwanza, akasema moyoni, kumbe na yeye anaandika. Akafungua.

Mifano ilikuwa yake. Mpaka koma zilikuwa zake. Akapekua upesi, akafika ukurasa wa kumi na nne, kwenye neno lafudhi: "Mama yangu, Mmakua wa Mnero, akisema bata, sisi wanawe tulisikia pata."

Eliudi alizaliwa Mbeya. Mama yake ni Mnyakyusa, mzima, anauza mchele.

Wakati wa maswali Winfrida alisimama.

"Mwalimu Eliudi, huyu mama wa ukurasa wa kumi na nne ni nani?"

Eliudi alicheka kidogo. "Ah, ni mfano tu, dada."

"Anaitwa Magreti. Ulimfukia wewe mwenyewe."

Mratibu, Mzee Amedeus, akatangaza muda wa chai.

Eliudi alimfuata Winfrida uani. "Ungeliacha daftari kabatini liliwe na mchwa. Mimi nimelifikisha kwa watoto. Toleo la pili nitakuweka kwenye shukrani."

Hilo la mchwa lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. "Ungeniambia tuandike wawili, ningekubali siku hiyo hiyo," alisema. "Lakini mama yangu ulimchukua wa nini?"

Winfrida hakungoja chai. Alikwenda kwa Mzee Amedeus, akatoa mkobani lile daftari, lenye tarehe kila ukurasa, akamwekea mezani, akaomba vitabu visigawiwe shuleni. Mzee alisoma kurasa chache, akavua miwani. "Nakuamini, mwalimu. Ila nakala mia tano zimeshaondoka jana."

Winfrida akapanda bodaboda kwenda stendi. Njia nzima hadi Nachingwea simu iliita, jina la Eliudi likiwaka, naye akaiacha iite.