Fundi Aliyeota Marinda

Saa nne asubuhi mteja alisimama mbele ya kioo, akajigeuza, akajitazama nyuma, akasema, "Limependeza, fundi, ila hii kola itoe." Fundi akatoa pini mdomoni, akalichukua gauni, akafumua kola. Kufika jioni kola ile ile ilikuwa imemwota shingoni, ya ngozi yake mwenyewe, ncha mbili zimesimama wima kama alivyozichora kwa chaki. Akafunga duka, akaenda kupika.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzo ulikuwa mfuko. Wateja wake wote walikuja na picha kwenye simu: "Nataka hii hii, usiongeze kitu." Naye fundi, jamani, hasikii! Hakuweza kushona nguo bila kutia kitu kimoja cha kwake, kidogo tu. Kila alichotia kilifumuliwa, na kila kilichofumuliwa kilimwota. Mfuko ulikaa nyongani. Mume wake, mtu asiye na makuu, alizoea kuweka humo funguo za nyumba. Kisha yakaja marinda ya mgongoni, ishirini na manne, yakamfanya alale kifudifudi. Kisha vifungo vya kifuani, ambavyo havikufungua chochote.

Muuguzi wa zahanati alimpima kola kwa futi ya fundi mwenyewe, kwa kuwa ya zahanati ilikuwa imekatika.

"Kazi safi," alisema. "Inauma?"

"Haiumi."

"Basi. Lakini umebakiwa na mikono tu. Ukikataliwa tena, kitashukia hapo. Si uwashonee wanachotaka, yaishe?"

"Nimejaribu, dada. Nikishona picha ya mtu naona kama nimenyang'anywa mkasi."

"Haya. Mwingine aingie!"

Mdogo wake fundi alipochumbiwa alikuja dukani, akakaa juu ya meza ya kukatia. "Dada, gauni langu la harusi nishonee unavyotaka wewe. Sitaki picha." Fundi alilia palepale, juu ya kitambaa cha mtu, ikabidi akianike. Miaka kumi na tisa alikuwa akingoja maneno hayo. Nguo moja tu itoke mlangoni kama alivyoiona kichwani, hakuomba zaidi. Damu nzito kuliko maji, alijiambia, huyu hatanifumua.

Alishona wiki tano. Uzuri wote wa gauni ulikuwa kwenye mikono yake: mirefu, mipana, kila mmoja una mikunjo kumi na miwili, ikiteremka hadi kupita vidole. Ili mikunjo isilegee, alizishikiza ncha kwa uzi wa muda, zikafungwa kabisa kama mdomo wa gunia, azifungue siku ya mwisho. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote.

Mdogo wake alilivaa.

"Dada," alisema, na alimpenda kweli dada yake, hilo halina ubishi, "ni zuri mno. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Ila hii mikono… Mama mkwe ameniletea picha. Unanielewa, lakini?"

"Nakuelewa."

Aliogopa sana. Alivitazama vidole vyake vyote kumi, kisha akaifumua mikono ile kwa vidole hivyo hivyo, akashona mingine mifupi ya kwenye picha, akapiga pasi, akakabidhi. Alfajiri mikono ya ngozi ilikuwa imemshuka hadi kupita vidole, mikunjo kumi na miwili kila upande, ncha zimefungwa kama alivyoziacha. Muuguzi alisema angeweza kupasua, lakini vidole vilikuwa vimeshashikana na mshono. Akiufumua, anavifumua navyo. Mume wake alimnywesha chai kwa kijiko bila kulalamika. Cherehani ikafunikwa shuka.

Harusini watu walilisifu gauni. Kama picha yenyewe, walisema. Mama mkwe alimsogelea fundi, akampapasa mikono polepole, mkunjo baada ya mkunjo.

"Hii nani kakushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"We! Na ulikuwa umejificha wapi? Nami nishonee hivi hivi. Ila iwe mifupi."

Fundi alimwuliza angependa iishie wapi.