Mtoto Aliyeambiwa Bado

Kitu cha kwanza alichokiona Rumiyati ni sahani ya ndizi za kukaanga ikisogezwa. Alikuwa hajavua hata ndala mlangoni. Mkono wa mtu, hakuona wa nani, uliisukuma sahani taratibu juu ya mkeka, kutoka upande wa mlango mpaka chini ya dirisha, na ndipo wanawake wakainua nyuso na kumkaribisha.

"Karibu, mwenye shughuli! Kaa hapa, nafasi ipo."

"Nafasi ya wawili hiyo," alisema mmoja.

"Watatu," alisema Bi Tugiyem, na wote wakacheka. Rumiyati naye akacheka kidogo, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

Ilikuwa shughuli ya mimba ya miezi saba, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bi Sukini, katika kijiji cha wafuma nguo karibu na mji wa Klaten. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Rumiyati alikuwa mnene tangu utotoni, mimba ikamkuta na unene wake, ikaongeza wa kwake. Mumewe, Parjo, aliendesha lori la mchanga kutoka mto ulio chini ya mlima wa moto, na mara nyingi hakuwepo nyumbani, kwa hiyo maneno ya watu aliyasikia Rumiyati peke yake. Aliyasikia sokoni, na aliyasikia pale alipokaa kufuma. Umebeba mmoja au ukoo mzima? Acha maji ya barafu, mwanangu, barafu ndiyo inayonenepesha mtoto. Mimi mimba zangu zote, ukinitazama kwa nyuma huwezi kujua. Pikipiki ya Parjo siku hizi ikikupakia inalia kama mbuzi. Yeye aliitikia, "Ndiyo, Bi," akaendelea na kazi yake.

Siku hiyo walimmwagia maji ya maua uani, wakamkausha, wakamsimamisha katikati ya sebule ili avishwe nguo saba, moja baada ya nyingine. Aliyemvisha ni Bi Warsiyem, ambaye kazi yake kijijini ndiyo hiyo. Mvishaji huuliza, wageni hujibu. Nguo sita za kwanza ni batiki za thamani, na wageni huzikataa zote. Ya saba ni lurik, nguo ya mistari ya watu wa kawaida, na hiyo wageni huikubali kwa kujibu "Imempendeza," shughuli ikaisha, watu wakala. Hata watoto wadogo wanajua.

"Imempendeza?" aliuliza Bi Warsiyem, akiwa ameizungusha batiki ya kwanza.

"Bado!" wakajibu kwa furaha.

Akaitoa, akavisha ya pili. "Bado!" Ya tatu, ya nne. Wanawake walipaza sauti, wakapigana mabega, kwa maana hapa ndipo penye utamu wa shughuli. "Bado!" Ya tano na ya sita nazo zikaanguka miguuni pa Rumiyati.

Lurik ya saba alikuwa ameifuma mwenyewe, nyeusi na kahawia. Bi Warsiyem aliizungusha, ncha zikakutana kwa shida, akazishikilia kwa vidole.

"Imempendeza?"

Wageni wakafungua vinywa. "Bado!"

Bi Sukini alikohoa. Bi Warsiyem akauliza tena, polepole, kama anayemkumbusha mtu jina alilolisahau.

"Bado!" wakajibu. Wengine walikunja uso, kwa sababu walikusudia kusema lile neno jingine, wakaona halikutoka. Bi Tugiyem alisema pengine inatakiwa nguo ya nane.

Ikaletwa ya nane, ya jirani. Kisha kitambaa cha meza. Kisha pazia la sebuleni, na jua likaingia ndani. Mwisho Parjo aliitwa kutoka nje, akafungua turubai la lori, akalikung'uta mchanga, akalileta. Walimzungushia Rumiyati turubai mara mbili, na likabaki.

"Haya, imempendeza?"

"Bado!"

Wali wa manjano ulikuwa umepoa. Bi Sukini akasema watu wale tu, neno litatoka siku nyingine. Wakafungua turubai, wakala, wakafungiwa vya kupeleka nyumbani. Rumiyati alipakuliwa nusu sahani. Wakati wote huo mtoto tumboni alikuwa ametulia upande mmoja, kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

Mwezi wa tisa ukafika na ukapita. Wa kumi nao ukapita. Mkunga wa kijiji, Endah, mwanamke kijana mwenye mikono baridi, aliweka kipimo tumboni akasikiliza.

"Yuko sawa," alisema. "Kichwa kiko chini, moyo mzuri. Anasema bado."

"Bado?"

"Ndivyo alivyoambiwa." Endah akaandika, kisha akamwambia apande kwenye mizani. Alipoona mshale ulipofika, alivuta pumzi kupitia meno. "Dada, lakini na wewe jamani. Wali mara ngapi kwa siku?"

Hospitali ya mjini daktari naye alisikiliza, akakubaliana na Endah. Mtoto mzima, ila amekataa, na mtoto aliyekataa hatolewi kwa kisu. Akamshauri Rumiyati apunguze vyakula vya mafuta.

Mpunga ukavunwa, mashamba yakajazwa maji upya. Wanawake waliopata mimba baada ya Rumiyati walijifungua, wakaja kumtembelea na watoto wao mgongoni. Mgongo ulimuuma. Miguu ilivimba hadi ndala zikamkataa, akawa anavaa za Parjo. Kufuma alikuwa amekwisha kuacha, kwa kuwa tumbo liliifikia kazi kabla ya mikono yake. Alilala ameketi. Kila mtu kijijini alijua kwamba mtoto anasubiri neno, na kwamba bila neno hatatoka, na mama hawezi kubeba hivyo milele. Hilo halikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni kama kosa lilikuwa la wali au la barafu.

"Nenda ukawaombe," alisema Bi Sukini. Alikuwa anachambua mchele na hakumtazama. "Nyumba kwa nyumba. Waliosema bado ni wao, na wao ndio wa kusema lingine. Vaa ile lurik."

Rumiyati akaivaa, akaifunga kwa kamba. Alianza kwa Bi Tugiyem, aliyekuwa mbele ya nyumba yake anakaanga ndizi za kuuza. Bi Tugiyem alipunguza moto, akajifuta mikono, akamtazama vizuri kutoka juu mpaka chini. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua kinywa.

"Bado," alisema. Akameza mate, akajaribu tena. "Bado. Haitoki, mwanangu. Nisamehe. Nimejaribu, si umeona?"

"Nimeona, Bi."

"Labda ukipungua kidogo itatoka."

Kwa Bi Warsiyem ilikuwa hivyo hivyo. Aliyekuwa na duka la sabuni alijaribu akiwa amefumba macho, akafika mpaka "Imem," kisha koo likamkauka, akaomba maji. Mke wa mwalimu alisema ataiandika, lakini kalamu nayo iliandika bado. Wote waliomba radhi. Wote walimpa ushauri wa kurudi nao nyumbani: juisi ya tango, kutembea asubuhi, kula mezani pamoja na watu na si jikoni, kutokula baada ya magharibi. Mmoja alimpa mkanda wa tumbo alioutumia yeye baada ya kuzaa. Ulikuwa mfupi.

Bi Sukini alijaribu mwenyewe jioni hiyo, akiwa amesimama mlangoni. Ilipotoka bado, akarudi kwenye mchele wake.

Kulipokucha akabaki Parjo. Alikuwa amechuchumaa kando ya lori anakaza nati za gurudumu. Rumiyati alisimama mbele yake na lurik yake. Parjo alijua. Akaweka spana chini, akasimama.

"Ba," alisema, akaziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Alipouondoa mkono neno lilimalizika lenyewe. "Do."

Wakatazamana.

"Sijui kwa nini, Rum."

"Umejaribu," alisema Rumiyati. Akaenda kumletea maji ya kunawa, ile grisi ilikuwa imembaki mdomoni.

Alhamisi wanawake walikutana kwa kisomo nyumbani kwa Bi Sukini. Walisoma vizuri, wakafunga vitabu, wakamiminiwa chai. Rumiyati alikuwa bafuni nyuma, ukuta mmoja tu katikati. Alikuwa ameoga na anajifunga ile lurik kwa sababu nguo nyingine zilikuwa kambani.

"Masikini Parjo," sauti moja ilisema.

"Na huyo mtoto! Ungekuwa wewe ungetoka? Utoke halafu ulaliwe?"

"Mlango umebanwa na mafuta. Dada yangu aliwahi kuniambia."

"Anakula akiwa amesimama jikoni. Mimi nimemwona kwa macho yangu."

Wakacheka, si sana. Tumboni mtoto aliacha kupiga teke. Aligeuka taratibu, kama alivyofanya kila watu walipozungumza, akaweka sikio upande wa ukuta.

Rumiyati alisimama na maji yakimtiririka kwenye kisigino. Alitazama mistari ya nguo, nyeusi na kahawia, ilivyopanda juu ya tumbo na kushuka upande wa pili. Mistari ilikuwa imenyooka. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, akajiuliza mwenyewe lile swali la mvishaji kwa sauti ya chini. Si kwamba alijibu kwa kuwa aliamini. Alijibu kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sauti ile ile ambayo mtu humfukuzia kuku jikoni.

"Imempendeza," alisema.

Mtoto alisikiliza kidogo, akihakikisha. Kisha chupa ikapasuka, maji yakachanganyika na ya kuogea.

Rumiyati alipitia sebuleni akiwa ameshika ukuta. Wanawake walikunja miguu kumpisha, wakainua vikombe vyao.

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kwa Endah."

"Bado," alisema Bi Tugiyem, kwa mazoea, akapuliza chai.

Alijifungua kabla ya magharibi. Msichana. Alikuwa na nywele za kufika mabegani na meno mawili, na aliwatazama waliokuwemo chumbani mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama mtu aliyechelewa kikao. Endah alimwosha, akaandika, akampa mama yake.

Wiki hiyo hiyo majirani walikuja kumtazama mtoto, wale wale, na mkeka ule ule. Bi Sukini alikuwa na furaha, akawapakulia wote. Walimpitisha mtoto kutoka mapaja haya kwenda mapaja yale, wakamfinya.

"Loo, mapaja haya! Mama yake mtupu."

"Mapaja gani? Mimi namwona mdogo. Kakaa ndani muda wote ule na ndiyo hivi tu? Mama alikuwa anakula chote mwenyewe."

"Huyu mumzoeshe njaa mapema, wakati bado hajui."

"Na wewe, Rum, hilo tumbo ulilobaki nalo ni la nani? Mwingine yumo?" Bi Tugiyem alimpigapiga tumbo kwa kiganja, kwa upendo, na wote wakacheka.

Mtoto aliyekuwa mapajani kwa Bi Warsiyem alinyamaza. Aligeuza kichwa, akaweka sikio upande wao.

Rumiyati alikuwa anazungusha sinia la chai. Walimngoja acheke kidogo ndipo waendelee. Aliweka sinia chini, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto wake.

"Tulikuwa tunawasikia," alisema.