Chupa ya Mkwe

Mkwe mwenzangu, mama mzazi wa mke wa mwanangu, aliingia wodini saa nne asubuhi na chupa ya chai ya bluu kwapani. Kabla hajanisalimu aliniuliza kwa nini midomo ya mgonjwa imepasuka vile na mimi mama yake nimekaa tu.

Mwanangu ni fundi wa dari. Siku mbili kabla alianguka kutoka kwenye ngazi, kisogo kikagonga sakafu ya saruji, na ubongo ukaanza kuvimba. Alikuwa akizinduka na kusinzia, na kila akizinduka neno lake lilikuwa moja: maji. Daktari alikuwa ameyakataza, hata funda moja. Kazi yangu ilikuwa kuchovya pamba kwenye bakuli na kumfuta midomo, basi. Kila kilichoingia mwilini muuguzi alikiandika kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

Nilimweleza mkwe kama nilivyoelezwa. Kwenye seli za ubongo kuna vijilango vya protini, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na vinachopitisha ni maji. Mtu akiwa mzima, maji huingia na kutoka kwa adabu. Ubongo ukiumia huyavuta ndani kupitia vijilango hivyohivyo, na damu ikipungua chumvi kwa kunywa maji ndipo yanapokimbilia huko kwa fujo, wakati fuvu halina pa kupanukia. Nilikuwa nimemwuliza daktari kwa nini wasivifunge, akasema dawa ya kuvifunga bado hawana. Wanachoweza ni kuilinda chumvi ya damu isishuke. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliwahi kuloweka maharage kwenye chupa ya kioo nikakaza kifuniko, asubuhi nikakuta chupa ina ufa kutoka shingoni hadi kitakoni. Nilimwelewa daktari, na mkwe nikampa mfano huohuo wa maharage.

Mkwe alicheka kwa pua. Akasema kumbe siku hizi kuna madaktari wa maharage. Akasema kwao mgonjwa akiomba maji hupewa, na mama anayemnyima mwanawe maji labda ana haraka ya kumrithi. Nikamwuliza nirithi nini, ile ngazi? Mke wa mwanangu alikuwa katikati yetu, anakunja ncha ya shuka na kuikunjua.

Saa tano muuguzi alinituma nipeleke damu maabara nisubiri majibu. Nilimwachia mke wa mwanangu bakuli la pamba, nikamwambia mbele ya mama yake: pamba tu. Maabara kulikuwa na foleni, halafu mashine ikagoma, tukaambiwa tukae. Nilikaa kwenye benchi lenye mguu mfupi mpaka saa nane, nikarudi na karatasi yangu.

Mwanangu alikuwa kimya. Mkwe alikuwa amevua viatu, amejiegemeza kama mwenye nyumba. Akaniambia nione mwenyewe alivyotulia. Mto ulikuwa umelowa upande mmoja, nami nikadhani ni jasho. Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Nilipomwita hakuitika. Nikamfinya sikio, hakukunja uso. Kisha akatapika, na nilipomfungua macho nikaona mboni ya kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto. Nikamwita muuguzi, daktari akaja mbio. Akasoma karatasi niliyotoka nayo: chumvi ilikuwa sawa saa tano. Akauliza kama amekunywa chochote tangu hapo, kwa sababu kama ni maji anampa chumvi kali papo hapo, na kama si maji anatafuta damu inayovuja, na hana muda wa kubahatisha.

"Mwulize mama yake," mkwe alisema. "Ndiye anayeshinda hapa na bakuli la maji."

Bakuli lile lina ua lililochorwa kwa ndani, na mimi hulijaza mpaka chini ya petali. Maji yalikuwa palepale. Nikaichukua chupa ya bluu, akanishika mkono, nikamng'oa vidole kimoja kimoja. Nikamimina kwenye vikombe vya wodi, mezani, mbele ya daktari. Yakatoka maji matupu, vikajaa viwili. Nikasema chupa hii ni ya vikombe vinane, naifahamu, tulimnunulia sisi siku ya posa.

"Umekunywa wewe hivyo sita, mkwe?"

Akasema nimezoea kumdhalilisha. Ndipo binti yake akaiachia ile ncha ya shuka.

"Vyote amekunywa yeye, daktari. Mama alimimina, mimi nikamshika kichwa."

Wakamwekea dripu ya chumvi kali hapohapo. Mkwe alivaa viatu vyake polepole, asimwangalie mtu.

Siku ya nne mwanangu alifumbua macho, akanijua, akaomba maji. Daktari akaruhusu kikombe kimoja, kwa kijiko. Mkwe alikuwa upande wa pili wa kitanda, akanyoosha mkono. Nikampa kijiko. Kikombe nilikishika mimi, na kila kijiko nilikihesabu kwa sauti, wodi nzima wasikie.

"Nimeelewa, mkwe," alisema tulipofika cha saba.

"Nane," nikasema.