Saba wa Watu, Saba wa Vyungu

Jana kichwa kiligusa mto tu, nikaota niko ndani ya kompyuta ya mjukuu wangu Mwanamkasi, anayetengeneza tovuti ya ukoo wetu. Mle ndani kuna baridi, lakini pamefagiliwa vizuri.

Kila aina ya kitu ina nyumba yake. Watu wanakaa kwao, vyungu kwao, mbuzi kwao. Na kila nyumba inahesabu wakazi wake kuanzia moja.

Katikati ya uwanja amekaa mshenga. Ana kilemba, hana uso, na mapajani ana kibunda cha uzi mwekundu. Ananieleza kwamba hapa hakuna anayeshikana na mwingine hivi hivi. Kila udugu unapita mkononi mwake, kama posa. Jua likichomoza, asiyefungwa uzi anafutwa.

Namuuliza kama Mwanamkasi ameshafungwa.

"Bado, bibi. Namba yake?"

"Saba."

Anafunga, ananipa ncha. Navuta taratibu. Kinakuja chungu cha maharage, uzi shingoni.

"Shikamoo, bibi," kinasema.

"Marahaba, mjukuu wangu." Sijazoea kunyima mtu salamu.

Sasa tuko kwenye shamba la mihogo, na hakuna anayeshangaa. Kule mwisho wa matuta amesimama Mwanamkasi, anafutika kuanzia miguuni. Amebaki magoti kwenda juu. Namwambia mshenga amekosea. Anasema hajakosea; mimi nimetaja namba, sikutaja nyumba.

"Kitendawili," anasema.

"Tega."

"Tunaitwa sawa, mlango si mmoja."

Mbingu inaanza kupauka. Mwanamkasi amebaki kiuno.

"Saba wa watu na saba wa vyungu," nasema. "Mimi namtaka wa nyumba ya watu."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, tungekuwa tumeshakunywa chai."

Anamfunga uzi kiunoni. Miguu inarudi, na vumbi lake. Kisha mshenga ananiuliza kama akate ule wa chungu. Chungu kinaniangalia.

Nauliza bibi mmoja anaruhusiwa nyuzi ngapi.

"Zozote. Hata chungu kinaweza kuwa na bibi wengine."

"Basi uache. Kimeshaniamkia."

Nikaamka. Jikoni Mwanamkasi alikuwa anabandika maharage, ananung'unika.

"Bibi, nani kakifunga chungu uzi mwekundu shingoni?"

Nikamwambia asiufungue. Alipoinama kupuliza moto, nikauona na wa kwake, kiunoni, juu ya kanga. Yeye hakuwa ameuona.